Maswali ya Wasomaji: Viongozi tumesoma Lean, mbona wodini watu wamenyamaza?

SWALI: Habari za kazi mshauri. Mimi ni matroni kwenye hospitali yenye wodi nyingi tu. Viongozi tulipelekwa wiki nzima mafunzo ya Lean, ile njia iliyotoka Toyota ya kuboresha kazi kwa kuondoa upotevu, tukafundishwa 5S yaani hatua tano za kupanga sehemu ya kazi, aina za upotevu, kuchora safari ya mgonjwa toka anaingia getini mpaka anatoka. Tukarudi na moto kwelikweli, tukabandika ubao kila wodi na sanduku la maoni tukaweka. Mwanzoni watu walichangamka, sa hivi ubao haujazwi, ukiuliza nani ana wazo wote wanaangalia chini. Mganga mfawidhi anasema wafanyakazi ni wavivu hawataki mabadiliko. Je kosa ni lao au letu?

JIBU: Matroni asante sana kwa swali hili, mana barua za aina hii napata nyingi na karibu zote zinaishia na neno hilohilo, wavivu. Mimi sikubaliani nalo kabisa. Watu wavivu hawachangamki hata hizo wiki za mwanzo. Wa kwako walichangamka, maana yake nia walikuwa nayo, kuna kitu kiliizima.

Hebu fungua hilo sanduku uchukue yale makaratasi ya mwanzo, ujiulize kila moja lilijibiwa lini na aliyeandika aliambiwa nini. Mara nyingi utakuta hakuna jibu. Nesi kaandika kwamba mashine ya presha ni moja kwa wodi mbili, akasubiri, kimya, akaandika tena, kimya, mara ya tatu haandiki na wenzake wameshaona. Mtu akipewa "hapana" yenye sababu anaweza kuvumilia ila kimya hakivumiliki. Kwa hiyo mimi ningekwambia ondoa sanduku, lina kufuli na ufunguo uko kwa mtu mmoja, wazo likiingia mle hakuna anayejua limefika wapi. Tumia ule ubao, andika wazo, nani katoa, nani analishughulikia na siku ya kutoa jibu. Na pale inapowezekana aliyetoa wazo ndo alijaribu yeye mwenyewe, kwa zamu moja tu au chumba kimoja, muone limeleta nini ndo mpanue. Wazo likipelekwa kamati likarudi limegeuzwa, mwenyewe hata halitambui tena na hatalipigania.

Sasa upande wa viongozi, hapa ndo nina la kusema zaidi. Mafunzo mengi yanamfundisha kiongozi vifaa vya Lean, chati, fomu, rangi za ubao, lakini siku yake inabaki ileile, asubuhi vikao, mchana saini, jioni ripoti, wodini anapita tu akiwa na mgeni. Inasimuliwa kwamba Taiichi Ohno, yule injinia wa Toyota aliyejenga mfumo wao baada ya vita kuu ya pili, alikuwa anachora duara kwa chaki sakafuni anamwambia meneja asimame humo aangalie kazi inavyofanyika, kisha anarudi baadae kumuuliza umeona nini. Mganga mfawidhi wako akisimama saa moja kwenye korido ya wodi, bila kutoa amri, ataona mambo ambayo hamna ripoti inayoyaandika, nesi anazunguka kutafuta stendi ya dripu, sampuli za damu zimekaa kaunta zinasubiri zijae trei ndo mtu azipeleke maabara, mgonjwa aliyeruhusiwa asubuhi bado yuko kitandani mchana anasubiri saini moja huku kule mapokezi kuna mtu anasubiri kitanda hichohicho, na nesi mmoja anaandika taarifa ileile kwenye daftari tatu. Huyo nesi sio mvivu, amechoka kwa kazi ambayo haimsaidii mgonjwa hata kidogo.

Na akiwa pale aangalie anavyouliza. Ukiuliza "kuna changamoto yoyote?" jibu ni "hamna bosi", kila siku. Uliza kitu chenye pa kushika, leo nini kimekukwamisha, kitu gani umekitafuta ukakikosa, ungekuwa wewe ndo unapanga ungeanza na kipi. Afu nyamaza usikilize. Ukikatiza kwa kutoa suluhisho mara mbili tu umewafundisha kwamba kufikiri ni kazi yako, hawataisumbua tena akili yao.

Kuna lile zoezi la kuuliza kwa nini mara tano mlilifanya darasani bila shaka. Lifanyeni na tukio la kweli. Dawa ya saa nne imetolewa saa sita. Kwa nini? Haikuwepo kwenye troli. Kwa nini? Famasia walikuwa hawajaileta. Kwa nini? Oda iliwafikia imechelewa. Kwa nini? Huandikwa baada ya raundi na raundi ilianza kwa kuchelewa. Kwa nini? Daktari wa raundi amepangiwa kliniki asubuhi hiyohiyo. Unaona, ulianza na nesi aliyechelewesha dawa ukamaliza na ratiba ambayo imepangwa na uongozi. Ukiishia kwenye kwa nini ya kwanza unaandika barua ya onyo, na siku nyingine dawa ikichelewa mtu anaandika saa nne kwenye chati ili awe salama, hapo umepoteza hata ukweli.

Kuhusu muda, najua mganga mfawidhi atasema hana. Wisconsin kule Marekani, hospitali za ThedaCare chini ya Dk. John Toussaint walitenga saa 2 hadi saa 4 asubuhi hakuna vikao, viongozi wawe kule kazi inapofanyika. Nyie anzeni hata na nusu saa, ilimradi iwe saa ileile kila siku na watu wajue bosi atakuwepo, pamoja na kikao cha kusimama dakika 10 mbele ya ubao zamu zinapopishana, jana kilikwama nini, leo kuna hatari gani, nani anamsaidia nani. Wafanya usafi na wabeba wagonjwa nao wawepo. Wao wanaona vitu ambavyo daktari havioni kabisa.

SWALI: Mimi ni daktari bingwa. Nimeambiwa niongoze timu ya Lean idarani ila moyoni nakataa. Mgonjwa sio gari, kila mmoja yuko tofauti. Mnataka tutibu kwa mkanda wa kiwandani?

JIBU: Daktari hofu yako ni ya haki na ningekuwa na wasiwasi na kiongozi asiyekuwa nayo. Lakini uamuzi wako kitandani kwa mgonjwa haumo kabisa kwenye hii kazi, kinachoguswa ni yale yanayokuzunguka, faili halionekani, majibu ya eksirei yamechelewa, trei ya upasuaji inakosa kifaa na mgonjwa ameshalazwa mezani. Yakikaa sawa hayo unapata muda zaidi wa kumtazama huyo mgonjwa aliye tofauti.

Mfano mmoja mzuri ni wa Flinders Medical Centre kule Adelaide, Australia, walianza kazi hii 2003. Idara ya dharura ilikuwa imefurika, wakakaa na wafanyakazi wenyewe wakachora safari ya mgonjwa hatua kwa hatua, wakaona kwamba kuwapanga watu kwa uzito wa ugonjwa peke yake kunawafanya wenye shida ndogo warukwe na warukwe mpaka wanakaa masaa. Wakawagawa njia mbili, wanaoelekea kurudi nyumbani na wanaoelekea kulazwa, kila njia na timu yake, mahututi wakibaki kuonwa mara moja kama kawaida. Tiba haikubadilishwa, ni foleni ndo ilipangwa upya.

Na kutoka kiwandani kuna jambo moja ambalo mimi naliona ni la heshima kubwa kwa mfanyakazi. Sakichi Toyoda alitengeneza mashine ya kufuma inayojisimamisha yenyewe uzi ukikatika, na baadae kwenye magari Toyota wakampa kila mfanyakazi kamba ya kuvuta kusimamisha kazi akiona kasoro. Hospitali ya Virginia Mason ya Seattle, ambayo viongozi wake walienda Japani 2002 kujifunza, ililigeuza hilo kuwa mfumo wa tahadhari, mtu yeyote akiona hatari kwa mgonjwa anapiga ripoti na kazi inasimamishwa mpaka ieleweke. Pamoja na hayo 2004 mgonjwa mmoja pale alifariki baada ya kuchomwa dawa ya kusafishia ngozi badala ya dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha, vimiminika vyote viwili havikuwa na rangi na chombo hakikuwa na lebo. Hospitali ilikiri hadharani, ikaomba radhi, ikafanya usalama wa wagonjwa kuwa lengo lake kuu. Sasa nikuulize daktari, kwenye chumba chako cha upasuaji leo, nesi mgeni kabisa akiona chombo hakina lebo anaweza kusema "tusimame" na wewe ukasimama bila kukunja uso? Kama huna uhakika basi hapo ndo pa kuanzia uongozi wako.

SWALI: Tuko maabara. Tumesikia Lean inakuja na wote tunajua maana yake, kupunguza watu. Tushirikiane vipi na kitu kitakachotufukuza?

JIBU: Msishirikiane kwa kubahatisha, ombeni kauli. Uongozi useme wazi, kwa maandishi, kwamba hakuna atakayepoteza kazi kwa sababu ya uboreshaji uliotokana na mawazo ya wafanyakazi, na muda utakaopatikana utapelekwa wapi. Virginia Mason waliweka ahadi ya namna hiyo toka mwanzo. Kwa mkurugenzi anayesoma hapa, kama huwezi kutoa ahadi hiyo usianze kabisa, mana mtu hawezi kukuonyesha dakika zinazopotea kwenye kazi yake akijua hizo dakika ndo zitatumika kumhesabia siku zake.

SWALI: Mimi ni wa rasilimali watu, nimepewa kazi ya kuandaa mafunzo kwa viongozi wa vitengo. Niweke siku ngapi, na nitapimaje kama yamefanikiwa?

JIBU: Darasa liwe fupi, siku moja au mbili zinatosha kabisa kwa kuanzia, halafu kila mshiriki aondoke na tatizo moja la kitengo chake aliandike kwenye karatasi moja ya A3, hali ilivyo, chanzo, atajaribu nini, atapima nini. Yanayofuata ndo mafunzo yenyewe, miezi kadhaa ya mkufunzi kumtembelea palepale kazini, kumsikiliza akiongoza kile kikao cha kusimama na kumwambia pembeni alipokatiza watu. Na bosi wa huyo mshiriki naye asome, tena asome kwanza, la sivyo mtu anarudi na tabia mpya kwa bosi mwenye tabia ya zamani na unajua nani atashinda.

Hospitali ya wanawake ya Castle Street, Colombo, Sri Lanka, ilianza na 5S mwaka 2000 na ikawa mfano, mpaka shirika la misaada la Japani, JICA, toka 2007 likawa linapeleka njia hiyo hospitali nyingi za Afrika. S zenyewe tano, Sasambua (toa visivyohitajika), Seti (panga vinavyobaki), Safisha, Sanifisha (weka utaratibu mmoja), Shikilia (dumisha), wengi mnazijua. Nne za mwanzo unaweza kuzifanya mwisho wa wiki moja mgeni akija akasifia, ya tano inamtaka kiongozi kila siku, kwa hiyo kwenye bajeti yako weka pesa nyingi huko.

Kupima, usihesabu vyeti. Chukua kitu ambacho mgonjwa anakihisi, mfano muda toka anafika hadi anaondoka. Kuna hesabu nyepesi ya kuwafundisha, idadi ya watu waliomo ndani ni sawa na wanaoingia kwa saa mara muda anaokaa kila mmoja. Wakiingia 20 kwa saa na kila mmoja akikaa saa 3 basi wapo 60 ndani muda wowote, mkishusha kukaa hadi saa 2 wanabaki 40 bila kuongeza hata kiti kimoja. Upande wa wafanyakazi hesabu mawazo yaliyojibiwa, siku zilizopita hadi jibu, na mangapi yalijaribiwa na walioyatoa. Anza kuhesabu sasa kabla ya darasa, ukisubiri mafunzo yaishe hutakuwa na cha kulinganisha nacho.