Kazi ya Tanga na magunia ya babu yako

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Umeuliza kama ukubali kazi ya ukarani wa mizigo bandarini Tanga au urudi nyumbani Moshi. Ngoja kwanza nikueleze kahawa yetu ilivyokuwa inafika melini.

Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ndipo mlima ukapata bahari. Lakini gati la Tanga halikuwa na kina. Meli zilitia nanga ghubani na mzigo ukafikishwa kwa matishari, yale majahazi bapa ya kubebea mizigo. Hebu hesabu: gunia la kilo 60 linatoka kiwandani kuingia behewani, behewani kwenda ghalani, ghalani kwenda kwenye tishari, halafu winchi ya meli ndiyo inalinyanyua. Mzigo hauharibikii njiani, huharibikia unapobadilishwa mikono. Mlikuwa mkinicheka kwa maneno haya, na bado nayasema.

Ile shehena ya babu yako na wenzake wa chama cha msingi cha ushirika unaijua. Kahawa ilikaushwa ikafika unyevu wa asilimia 11 hivi, ikakobolewa, ikapangwa madaraja, safi kabisa. Kulabu zikatoboa magunia, kisha tishari likanyeshewa bila turubai. Punje zikavimba, zikapauka, zikanuka uvundo. Na muonjaji akikuta kikombe kimoja chenye uvundo, loti nzima inashuka. Malipo ya pili, yale ya baada ya kahawa kuuzwa, hayakuja msimu ule. Aliyesahau turubai hakukatwa hata senti! Mama yako anasema yamepita. Hayajapita.

Ila na kuli naye alikuwa na lake. Wengi walikuwa vibarua wa kutwa: meli isipokuja, hakuna ujira. Makuli wa Dar es Salaam walipogoma Septemba 1947, mgomo ulipanda na reli hadi bara. Ningekuwa mimi ningegoma.

Siku hizi magunia 320 hivi yanapakiwa hukuhuku Moshi ndani ya kontena la futi 20. Kuta zinatandikwa maboksi na vifyonza unyevu vinatundikwa, kwa sababu usiku bati hupoa, jasho lake likadondokea magunia ya juu. Na gati la Tanga limechimbwa, kutoka mita 3 hadi 13, meli inafunga gatini. Kahawa imepona. Makuli je? Nikisifu, namdhulumu kuli. Nikilaumu, namsahau babu yako.

Kuhusu kazi, ulimi unaniwasha, lakini sikuamulii. Mshahara unaujua wewe, na mkeo ana la kusema. Ila ukikubali, makontena matupu yanayopandishwa huku usiyapitishe kwa kuyatazama nje tu. Ingia ndani, ufungiwe mlango, utafute tundu la mwanga. Nusa sakafu pia: mbao zilizobeba samaki au dawa haziwekwi kahawa, hata zikioshwa. Na ubao ukiwa mbichi, kontena hilo likatae, maana maji yake yatapanda kwenye magunia kabla meli haijatoka ghubani.

Baba yako