Mchungaji, je, wasiwasi wangu ni kukosa imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza nguo za mitumba hapa Mbeya. Miezi michache iliyopita mama yangu mzazi alilazwa, nami nikakopa shilingi 400,000 kwa wakopeshaji wa mitaani tunaowaita kausha damu, kwa makubaliano ya kurejesha shilingi 65,000 kila Ijumaa kwa wiki nane. Wiki ya tatu biashara ililala, nikakopa kwa mwingine ili nimlipe wa kwanza, na sasa nadaiwa na wote wawili. Mume wangu, ambaye ni dereva na hana kazi tangu tajiri wake alipouza gari, hajui lolote. Simu ikiita naigeuza kifudifudi asione jina. Naamka saa nane za usiku na sipati tena usingizi hadi majogoo. Nilipowaeleza akina mama wenzangu wa maombi, mmoja alisema Mkristo mwenye imani hana wasiwasi, na kwamba nikipanda mbegu, yaani nikitoa sadaka, ya shilingi 50,000 kwa mtumishi mmoja wa Mungu, deni litavunjika. Je, wasiwasi wangu ni dhambi? Nipande mbegu hiyo? Na mume wangu nimwambieje?
Mama wa Watatu, Mbeya

JIBU: Asifiwe sana, mama. Pole kwa kuuguza, na pole kwa mzigo ambao umeubeba peke yako kwa muda mrefu kiasi hicho.

Nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu naona ndilo lililokuumiza zaidi. Anayekwambia kwamba mwenye imani hana wasiwasi huwa anategemea Wafilipi 4:6, mahali Paulo anapowaagiza waumini wasijisumbue kwa neno lolote, bali haja zao zijulikane na Mungu. Waraka huo aliuandika akiwa kifungoni, na sura mbili kabla ya agizo hilo anaeleza habari za Epafrodito, ndugu aliyeugua karibu na kufa, ambaye anamrudisha kwao haraka ili yeye Paulo naye apunguziwe huzuni. Basi mtu yule yule aliyeandika “msijisumbue” alikuwa na mzigo moyoni, aliutaja bila haya, na hakujihesabu kuwa ameanguka katika imani. Tena Bwana wetu mwenyewe kule Gethsemane alisema kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wanafunzi watatu wakeshe pamoja naye. Sithubutu kuiita dhambi hali ambayo Yesu aliipitia.

Hata katika Mathayo 6, tunapoagizwa tusisumbukie ya kesho, Bwana hasemi kwamba kesho haitakuwa na shida. Anasema yatosha kwa siku maovu yake. Katika sura hiyo hiyo, mapema zaidi, ametufundisha kuomba riziki ya leo. Wewe saa nane za usiku unajaribu kulipa Ijumaa nne kwa mpigo, wakati ulichoruhusiwa kuomba ni cha siku moja. Wala usiombe kwa jumla jumla. Mtajie Mungu kiasi unachodaiwa, mtaje na anayekudai, kwa maana haja haiwezi kujulikana kama hata katika maombi inafichwa.

Kuhusu mbegu, jibu langu ni fupi: usipande. Nasema hivi nikijua kwamba baadhi ya wasomaji wataniandikia kwa hasira. Sadaka ni ibada, nayo hutolewa katika kile mtu alicho nacho. 2 Wakorintho 8:12 inasema hivyo waziwazi. Shilingi 50,000 usizokuwa nazo utazipata kwa kukopa kwa mtu wa tatu, na hapo utakuwa umeongeza deni kwa jina la imani.

Nakuomba usome 2 Wafalme 4:1-7, habari ya mjane ambaye mumewe alikuwa miongoni mwa wana wa manabii, mtu mcha Mungu, lakini alikufa akiacha deni, na mdai akaja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Deni, kwa hiyo, liliingia katika nyumba ya imani, wala hakuna aliyemwambia mama yule kwamba amepungukiwa maombi. Nabii Elisha alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Akatumwa kwa majirani wote kuazima vyombo vitupu, tena asiazime vichache, na bila shaka mtaa mzima ulijua kwamba kwa mjane kuna jambo. Muujiza ulipotendeka aliambiwa auze mafuta, alipe deni kwanza, yanayobaki wayatumie yeye na wanawe. Hatusomi popote kwamba nabii alitaka hata tone moja kwa ajili yake.

Mjane huyo aliisema shida yake, na hapo ndipo hali yako inapotofautiana na yake. Ninavyoisoma barua yako, wasiwasi wako unakuzwa na siri kuliko unavyokuzwa na fedha, kwa sababu kila simu inayoita inakudai mara mbili: mkopeshaji anataka rejesho, na wewe unataka mume wako asijue.

Nisisahau upande wa pili, maana si haki mahubiri yote yaelekezwe kwa anayedaiwa. Katika Nehemia 5 watu walilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao, na watoto wao wanatiwa utumwani. Nehemia alikasirika, akawakemea wakubwa waliokopesha kwa riba, akaita mkutano mkubwa na kuwaapisha warudishe walichotwaa. Kwa nchi yetu, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Waombe wote wawili wakuonyeshe leseni na nakala ya mkataba. Asiye navyo, usikubali abebe friji wala magodoro yako kwa maneno matupu, bali fika kwa mwenyekiti wa mtaa au ofisi ya kata ueleze. Ulichokopa utalipa, hilo sikupunguzii, lakini omba ratiba unayoiweza. Huko kata muulize pia afisa maendeleo ya jamii kuhusu mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 yake ni ya vikundi vya wanawake. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Hiyo ni ya kuinulia biashara, si ya kuzibia pengo la kausha damu, kwa hiyo usiikimbilie kabla ya kumaliza haya ya sasa.

Usingizi nao usiudharau. Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, katika 1 Wafalme 19, malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, kisha akamlisha mara ya pili. Kula, hata kama hamu haipo. Ukiamka usiku soma Zaburi ya 13 kwa sauti ndogo. Ina mistari sita tu, nayo inaanza kwa kumuuliza Mungu atamsahau mtu hata lini, kwa hiyo usijilazimishe kuharakia mistari ya shukrani iliyo mwishoni. Hali hii ikiendelea kwa wiki kadhaa, au ukijiona unatamani kufa, nenda hospitali siku hiyo hiyo na umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi.

Sasa mume wako. Mwambie kabla ya Ijumaa ijayo, mchana, watoto wakiwa shuleni, ukiwa na karatasi uliyoandika madeni yote mawili na marejesho uliyokwisha kulipa. Mtajie jumla yote kwa mara moja, kwa sababu nusu utakayoificha itakurudisha kwenye kugeuza simu. Anza na sababu, yaani kulazwa kwa mama, maana huyo ni mkwe wake, na huenda angependa kujua kwamba ulihangaika peke yako. Mwanaume aliyepoteza kazi anaweza kuisikia habari ya deni kama lawama juu yake, basi mwambie mapema kwamba humlaumu. Akinyamaza au akitoka nje, mpe muda, usimfuate na maelezo. Na kama unamfahamu kuwa ni mtu wa mkono mwepesi, usimwambie mkiwa wawili. Waite wasimamizi wa ndoa yenu, au mzee wa kanisa pamoja na mkewe, waketi nanyi siku hiyo.