Siku fupi za Kilkenny: maswali ya wasomaji

Kilkenny ni mji wa kale kusini-mashariki mwa Ireland, kando ya mto Nore. Wasomaji wanaokusudia kufika huko kati ya Desemba na Februari wametuuliza haya.

Tuna siku moja tu, wiki ya mwisho ya Desemba, na tunatoka Dublin kwa treni. Tuanzie wapi?

Isiwe tarehe 25, maana siku hiyo treni na mabasi hayatembei, wala tarehe 26, maana treni za Kilkenny hazitembei. Siku nyingine yoyote, pangeni kwa kufuata jua. Huchomoza karibu saa 2:35 asubuhi na kuzama karibu saa 10:10 alasiri. (Hizo ni saa zetu, ratiba za kule zitaandika 8:35 na 16:10.) Treni kutoka stesheni ya Heuston huchukua saa moja na nusu au zaidi kidogo, kwa hiyo kateni tiketi ya asubuhi. Ya nje yote yamalizike kabla ya saa nane mchana, yenye paa yasubiri.

Kutoka stesheni nendeni moja kwa moja Kanisa Kuu la Mtakatifu Canice, mwendo wa dakika 20 hivi. Kando yake umesimama mnara wa duara wa mawe, urefu wa mita 30, mkongwe kuliko kanisa lenyewe la karne ya 13. Ni mmoja kati ya miwili tu ya aina yake nchini ambayo mgeni huruhusiwa kupanda hadi kileleni. Wa pili uko Kildare. Ndani mnapanda ngazi za mbao zenye mwinuko mkali, sakafu moja baada ya nyingine, na upenyo wa kutokea juu ni mwembamba. Mikoba iacheni chini. Upepo ukizidi au mvua ikishika, mnara hufungwa, ndiyo maana tunataka uwe wa kwanza: ukifungwa asubuhi, bado mna nafasi ya kurudi mchana. Jumapili asubuhi kuna ibada, basi siku hiyo geuzeni njia, anzieni kwenye Ngome ya Kilkenny.

Mkishuka, piteni Black Abbey, kanisa la Wadominiko lililoanzishwa 1225. Dirisha lake la Rozari, la mwaka 1892, liko upande wa kusini. Jua la Desemba hupita chini sana angani, hivyo saa sita mchana miale hupenya vioo karibu moja kwa moja na sakafu ya mawe hugeuka nyekundu na buluu. Kiangazi jua huwa juu mno kwa hilo. Kaeni hapo hata robo saa.

Mwisho ni ngome. Ukoo wa Butler uliinunua mwaka 1391, na mwaka 1967 ikakabidhiwa kwa wananchi kwa pauni 50 tu. Kuzunguka bustani ni bure. Hesabuni minara ya pembeni: ni mitatu, na upande mmoja hauna ukuta, hasara iliyotokana na mizinga ya Cromwell, jemadari wa Kiingereza, mwaka 1650. Mtu wa mwisho huingizwa ndani muda mrefu kabla ya kufunga, kwa hiyo saa nane na nusu muwe mlangoni.

Nimezoea baridi ya Njombe. Koti moja zito halitoshi?

Halitoshi. Mchana wa Januari kipimo ni kama digrii 8, usiku hushuka hadi 1 au 2, na mara nyingine chini ya sifuri. Namba hizo hazitishi. Kinachotesa ni unyevu na upepo. Koti zito la pamba likishalowa halikauki siku nzima, na jinzi ni hivyo hivyo. Vaa fulana ya sufu inayogusa mwili, juu yake sweta, juu kabisa jaketi jepesi lisilopitisha maji, lenye kofia. Mwavuli utageuzwa na upepo kwenye daraja la kwanza. Usivae soksi mbili ndani ya buti linalobana: damu haitembei vizuri na vidole hufa ganzi upesi zaidi. Soli ziwe na meno, kwani vichochoro vya mawe kama Butter Slip huteleza vikilowa.

Sisi ni Waislamu. Chakula na swala tutafanyaje?

Kifungua kinywa cha kienyeji kiepukeni chote: soseji na nyama zake ni za nguruwe, na ile soseji nyeusi hutengenezwa kwa damu. Supu nzito ya samaki ni nzuri sana, lakini ulizeni kabla ya kuagiza, maana wapishi wengine huanza kwa kukaanga vipande vya nyama ya nguruwe. Mkate wao wa kahawia hauna wasiwasi: unga wa ngano usiokobolewa, magadi, chumvi na mtindi, bila hamira. Mkiupata wa moto na siagi, mtashiba.

Swala za Desemba hufuatana mbio: Adhuhuri karibu saa sita na nusu, Alasiri karibu saa nane, Magharibi saa kumi na dakika chache. Tieni udhu kabla ya kutoka mlikofikia, vaeni soksi mapema.

Ni Mtanzania, naishi Leicester kwa kibali cha ukaazi. Nahitaji viza?

Ndiyo. Uhuru wa kuvuka kati ya Uingereza na Ireland ni wa raia wa nchi hizo mbili, hauwahusu wenye vibali. Viza ya Schengen nayo haifai. Omba miezi miwili kabla.

Tutakodi gari twende Kells. Barabara zikoje?

Kwanza andika kwenye ramani ya simu "Kells Priory, Kilkenny". Kuna Kells nyingine Meath, kaskazini-magharibi mwa Dublin, na watu hupotezwa huko. Hii yenu iko kilomita 15 hivi kusini mwa mji.

Mnaendesha kushoto kama nyumbani. Tangu Februari 2025 kikomo kwenye barabara ndogo za vijijini ni kilomita 60 kwa saa, na asubuhi ya baridi hata 60 ni nyingi. Barafu nyembamba isiyoonekana hubaki kwenye kona zenye kivuli na juu ya madaraja. Kioo kikiganda, washa injini, elekeza hewa ya moto kiooni, kisha kwangua kwa kikwanguo cha plastiki. Maji ya moto hupasua kioo. Beba miwani ya jua, kwani jua la chini hupiga dereva usoni.

Kells yenyewe ni nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino ya mwaka 1193, yenye kuta na minara kama boma la vita. Kiingilio hakuna, paa hakuna. Mnashuka malishoni kati ya kondoo, kwenye matope na samadi: raba buti ndizo zake. Geti mlilofungua, lifungeni.

Mama ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Pango la Dunmore ataliweza?

Hapana. Kushuka na kupanda ni zaidi ya vidato 700, na humo huteleza. Mpeleke Medieval Mile Museum, ndani ya kanisa la zamani la Mtakatifu Maria, kwenye makaburi ya wafanyabiashara yaliyochongwa. Kusipokuwa na mafuriko, njia ya kando ya mto chini ya ngome ni tambarare.