Slalomu ya theluji na ya maji: msinionee wivu, niliteseka

Slalomu ni kuteleza kwa ski, mbao ndefu za miguuni, ukipinda huku na huku: kwenye theluji unateremka ukizunguka milingoti, majini unavutwa na boti kwa kamba ukizunguka maboya. Basi Jumamosi iliyopita nimepita maboya yote sita! Kamba mita 18.25, boti kilomita 46 kwa saa. Wanaume wa mashindano makubwa hukimbizwa 58 tena kwa kamba fupi, kwa hiyo najua mimi bado mtoto. Lakini nilijipigia vigelegele mle mle majini.

Naandika kwa sababu kuna ndugu aliniuliza: "Kaka, nashindana slalomu ya theluji mwaka wa nne sasa. Si nitaingia tu majini nipete?"

Hata mimi nilidhani hivyo. Mtoto wa Mombasa, theluji nimeijulia ukubwani hapa Minnesota, nikaingia ligi ya usiku, nikajiona nimefika. Kiangazi cha kwanza ziwani nilianguka mpaka nikashindwa kuinua mkono kuchana nywele. Bwana aliyekuwa akituendeshea boti akacheka: "Theluji yako iko wapi?" Bado inaniuma, siwafichi.

Kosa langu lilikuwa kiunoni. Kwenye theluji unakanyagia ski ya nje, nyonga zinaingia ndani ya kona, kifua kinabaki wima. Majini ski ni moja, miguu imefuatana, na nguvu inatoka kwenye kamba wala si kwenye mteremko. Ukikunja kiuno boti inakung'oa kama jino: kifua mbele, makalio nyuma, kishikio cha kamba hicho kinakwenda zake. Nyoosha mwili, nyonga zisogelee kishikio, viwiko viguse jaketi la kuelea, kisha egemea mzima mzima upande usio wa boti.

Ralph Samuelson, aliyeanzisha mchezo huu mwaka 1922 kwenye Lake Pepin, jimbo hili hili, naye alijaribu ski za theluji zikamgomea. Akatafuta mbao, akazipinda ncha kwa maji ya moto, na hakusimama mpaka alipoegemea nyuma, ncha zikiwa juu. Kwa hiyo sikufeli peke yangu.

Kilichonifaa kutoka mlimani ni magoti laini, macho yaliyotangulia, na kuwahi kona. Ukisubiri ufike kwenye mlingoti ndipo ukate, umechelewa, na deni hilo unalibeba hadi mlingoti unaofuata. Boya nalo lina deni lile lile. Liko mita 11.5 kutoka katikati inapopita boti, nami nilikuwa navuta mpaka pale pale, kamba inalegea, kisha inanikwapua. Siku nilipoacha kuvuta mara tu baada ya kuvuka povu la boti, nikasimama wima na kuachia mkono mmoja, ski iligeuka yenyewe.

Basi ndugu yangu, medali zako ziache nyumbani. Huku ni darasa la kwanza. Egemea mbali na boti. Narudia, mbali na boti! Wengi wanashindwa kwa kiburi tu, wala si kwa udhaifu.

Yule bwana bado ndiye dereva wetu. Jumamosi hakusema neno. Alinirushia kamba tena, akaongeza mwendo hadi 49, nikaanguka boya la pili.