Kijiji, Bahari na Anime: Majibu ya Maswali Yenu

Tangu niandike kuhusu anime, yaani katuni za Kijapani, zinazotokea vijijini kando ya bahari ya Japani, maswali yamekuwa yakiingia kila siku. Nimechukua saba. Mengi yanafanana, kwa hiyo ukiona la mwenzako limekaribia lako, jibu ni lenu nyote.

Shikamoo dada. Anime ninazozijua mimi ni za ngumi na mapanga. Nikitaka hizi za kijijini nianze na ipi? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mdogo wangu. Anza na Barakamon ya mwaka 2014. Ina sehemu 12 tu, wikiendi moja unaimaliza. Kijana Handa ni mwandishi wa khati kutoka Tokyo. Mzee mkuu wa jumba la maonyesho anamwambia kazi yake ni safi lakini ni ya kitabuni, haina mwenyewe ndani yake. Handa anampiga ngumi mbele ya watu, na baba yake anamtuma visiwa vya Goto, mkoa wa Nagasaki, akatulie.

Sehemu ya kwanza usiiharakishe. Naru, mtoto wa darasa la kwanza, anamvuta Handa mpaka kwenye ukuta mrefu kando ya maji. Mtoto anaukwea kama paka, mtu mzima anabaki chini. Asipopanda, haoni kilicho ng'ambo. Anapanda kwa taabu, na kufika juu jua ndilo linazama baharini. Akirudi nyumbani anaandika kwa mwili mzima, si kwa kiganja. Pwani yetu nayo ina watu wa khati, na wao wanaujua mkono uliofunzwa na mkono uliofunguka. Tena sikiliza sauti za watoto: zimeigizwa na watoto kweli, ndiyo maana kelele zao ni za watoto unaowajua.

Rafiki yangu anayejifunza Kijapani anasema wazee wa Barakamon hawaelewi kabisa. Kwani wanasema lugha gani? (Msomaji, Mombasa)

Kijapani hichohicho, lakini kwa lahaja ya Goto. Satsuki Yoshino, aliyetunga manga yake, yaani hadithi ya picha iliyozaa anime hii, anatoka visiwani humo. Mchukue mgeni aliyejifunzia Kiswahili darasani Nairobi, mkalishe Pemba katikati ya wavuvi wanaopiga soga, utapata hali ya Handa siku za mwanzo. Bahati mbaya tafsiri ya Kiingereza inayopita chini ya picha inayalainisha yote yakawa sawa. Ni hasara kubwa, kwa sababu nusu ya utamu wa hadithi hizi umo katika namna watu wanavyosema. Natamani siku moja atokee mtu azitafsiri kwa Kiswahili, mgeni aongee sanifu na wazee wamjibu kwa Kimvita au Kiamu.

Mji wa kwenye filamu ya Ponyo upo kweli? (Msomaji, Unguja)

Wa filamu ni wa kubuni, lakini umetokana na Tomonoura, bandari ndogo iliyo ndani ya mji wa Fukuyama, mkoa wa Hiroshima. Mwongozaji wake, Hayao Miyazaki, alikwenda kukaa huko mwaka 2005, na filamu ikatoka 2008.

Mahali penyewe panastahili maelezo, hasa kwenu mnaojua maji. Tomonoura iko kwenye Bahari ya Ndani ya Seto, iliyozingirwa na visiwa vya Honshu, Shikoku na Kyushu. Maji yakijaa huingia kwa pande mbili, mashariki na magharibi, na hukutana karibu na hapo. Yakipwa, kila upande hurudi ulikotoka. Basi vyombo vya tanga vilikuja na maji ya kujaa, vikatia nanga Tomonoura, vikangoja maji yageuke, kisha vikatoka nayo kwa upande wa pili. Ndivyo mji ulivyopata riziki kwa karne nyingi, kwa watu wanaosubiri maji. Ukingo wa bandari una ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, ili maji yawe juu au chini, mpakuzi apate pa kukanyaga. Mnara wa taa wa mawe uliojengwa 1859 bado umesimama pale.

Mwaka 1983 ulitolewa mpango wa kufukia sehemu ya bandari na kupitisha daraja. Wenyeji waligawanyika, na siwalaumu waliolitaka: njia za mji ni nyembamba, magari hayapishani. Wengine walikwenda mahakamani, na Oktoba 2009 Mahakama ya Wilaya ya Hiroshima ikazuia ufukiaji kwa ajili ya kulinda mandhari. Mwaka 2012 mkoa ukatangaza kuachana na daraja. Huwa naitazama upya filamu ile nikikumbuka kwamba wakati inaonyeshwa sinema, bandari yenyewe ilikuwa bado kwenye kesi.

Nina watoto wa miaka 6 na 10. Zipi niwaache watazame peke yao? (Mama wa wawili, Morogoro)

Mama, Ponyo wote wawili, ila kaa na huyo mdogo kwenye dhoruba. Wa miaka 10 mpe pia Momo e no Tegami, iliyoonyeshwa Japani 2012. Baba yake Momo amefariki baharini akiacha barua yenye maneno ya kumwanzia tu, "Kwa Momo", na chini yake karatasi tupu. Mtoto anahamia kisiwani na mama yake akiwa na karatasi ile. Andaa leso yako mwenyewe. Summer Time Rendering iache kabisa: kisiwa ni kizuri, kimechorwa kwa kufuata Tomogashima ya Wakayama, lakini damu ni nyingi.

Mbona vijiji hivi vyote ni wazee na watoto wachache? Vijana wako wapi? (Msomaji, Kigoma)

Wako Tokyo na Osaka, na hilo si pambo la hadithi. Japani ya leo, karibu watu 3 kati ya kila 10 wamepita miaka 65, na vijijini uwiano huo ni mkubwa zaidi. Ndiyo maana shule inayotaka kufungwa utaiona mara kwa mara. Love Live! Sunshine!! ya 2016, iliyowekwa Uchiura katika mji wa Numazu, inalo hilohilo: wasichana wanaimba ili wanafunzi wapya waje na shule isife.

Wakati mwingine anime yenyewe huleta watu. Hanasaku Iroha ya 2011 ilionyesha kituo cha treni kilichofanana na Nishigishi, rasi ya Noto, na watazamaji wakaanza kushuka Nishigishi kwenda kukiona. Kituo kikawekewa hadi kibao chenye jina la kwenye hadithi, Yunosagi. Kisha Januari 1, 2024 tetemeko la ukubwa wa 7.6 likaipiga Noto, na reli ikasimama. Njia yote ilifunguliwa tena Aprili mwaka huohuo.

Zipo zinazosema ukweli kuhusu tsunami? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ipo Suzume ya 2022, ya Makoto Shinkai. Binti anayelelewa na mama yake mdogo huko Kyushu anasafiri mpaka Iwate, alikozaliwa, na kufukua shajara yake ya utotoni. Anafunua kurasa, na akifika Machi 11, 2011 ukurasa wote umepakwa rangi nyeusi. Katika tetemeko na tsunami ya siku ile zaidi ya watu 18,000 walikufa au hawakuonekana tena, na filamu inaweza kulibeba hilo kwa ukurasa mmoja. Kumbuka ina milio ya tahadhari ya tetemeko. Huko Japani watazamaji walionywa mapema. Na kama nyumbani kwenu kuna aliyeguswa na mawimbi ya Desemba 26, 2004, yaliyofika hadi pwani yetu, muulize kwanza kabla hujaiweka.

Mimi ni mvuvi wa mshipi. Ipo inayoonyesha uvuvi wenyewe? (Msomaji, Lamu)

Ipo, na nimefurahi umeuliza. Hokago Teibo Nisshi ya 2020. Hina, binti anayependa kazi za mikono na kuogopa viumbe hai, anapita ukingoni mwa bahari na pweza anamganda mguuni. Wenzake wa shule wanamsaidia, kwa sharti la kujiunga na chama chao cha uvuvi. Kuanzia hapo anafundishwa kurusha mshipi, kumshika samaki aliye hai na kumtengeneza mpaka aliwe.

Mahali ni Ashikita, mkoa wa Kumamoto. Matangazo yalisimama Aprili 2020 kwa sababu ya korona, yakarudi Julai, na mwezi huohuo mafuriko makubwa yakaingia Ashikita yenyewe. Itazame, kisha niandikie kama ndoana zimefungwa sawasawa. Hilo wewe unalijua kuliko mimi.