Mkanda wa jeshi umekauka, mbona mama bado analia?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 68, yuko Uyole analima viazi. Mwezi wa pili alitokwa na mkanda wa jeshi ubavuni, tukampaka dawa ya meno, vidonda vikakauka vizuri tu. Saa hizi mwezi wa saba bado panawaka moto, mara kama shoti inapita, sweta likigusa tu anaruka na baridi ya huku unaijua. Panadol na diklofenaki kanywa mpaka kachoka. Jirani anasema karogwa, mwingine anasema ni "ule ugonjwa". Na mjukuu kakatazwa kulala naye asije akaambukizwa. Tufanyeje? Binti, Mbeya.

JIBU: Marahaba binti, mpe mama pole. Hajarogwa. Kirusi cha tetekuwanga ukishapona hakitoki mwilini, kinajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, uzeeni kinga ikishuka kinaamka, ndo mkanda wa jeshi huo, na kuuchubua mshipa wenyewe. Ngozi imepona ila mshipa haujapona, ni waya uliochunika ganda, ndo maana sweta tu linampigisha shoti. Maumivu yakipita miezi mitatu hivyo, Panadol haiyawezi, na hiyo diklofenaki mwachisheni jamani, kwa mzee inaharibu tumbo na figo bure.

Mpelekeni hospitali mkaulizie dawa za mishipa ya fahamu. Ipo amitriptilini, mtaani wanaiita dawa ya vichaa, msiogope jina, kwa maumivu haya dozi yake ni ndogo, wazee wengi huanza na miligramu 10 usiku. Inakausha mdomo na kuleta usingizi mzito, sasa kama choo kiko nje asitoke peke yake usiku. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au shida ya kukojoa amwambie daktari kabla. Nyingine ni gabapentini, hii inaleta kizunguzungu, na figo zikiwa dhaifu dozi inapunguzwa, kwa hiyo apimwe figo kwanza. Zote hizi sio za kunywa pale panapouma tu, ni kila siku, dozi inapanda taratibu, nafuu inakuja baada ya wiki kadhaa, na asiache ghafla. Wengi wanaacha siku ya nne wanasema dawa feki!

Ndani ya sweta avae fulana laini ya pamba inayobana kidogo, ile inayopwaya ndo inasugua. Pilipili ya jikoni msimpake, najua mtaambiwa, krimu ya pilipili ya hospitali ni kitu kingine.

Kuhusu "ule ugonjwa", umri wake peke yake unatosha kuleta mkanda, ila kupima VVU ni bure, apime yaishe. Na siku nyingine mkiona malengelenge mapya kwa yeyote wahini hospitali ndani ya saa 72 apewe asikloviri, dawa ya kirusi hicho, yakiwa karibu na jicho msilale nyumbani.

Mjukuu arudi kwa bibi yake. Malengelenge yakiwa na maji ndo yangeweza kumpa tetekuwanga kama hajawahi kuugua, makovu makavu hayaambukizi.