Pigo moja la taiko kuwasha taa mara tatu

Ukibandika sensa ya mtetemo kwenye taiko (ngoma ya Kijapani) ili kila pigo liwashe taa, pigo moja linaweza kuiwasha mara tatu. Ngozi ya nagado-daiko, taiko ya mzinga mrefu ambayo ngozi yake hushikwa kwa misumari, huendelea kutetemeka baada ya fimbo kuinuka, na kila tetemeko linavuka kizingiti ulichoweka, yaani kiwango ambacho sensa ikikipita taa huwaka. Ukipandisha kizingiti tu, utapoteza mapigo mepesi. Fanya hivi: sensa ikishtuka, isome kwa milisekunde 3, shika namba kubwa kuliko zote kama nguvu ya pigo, kisha ipuuze kwa milisekunde 40. Hata mapigo 15 kwa sekunde yana nafasi ya milisekunde 66 hivi, kwa hiyo hupotezi kitu.

Kwenye Arduino Uno (kibodi kidogo cha kompyuta kinachosoma sensa), piezo ya milimita 27, yaani kisahani kinachogeuza mtetemo kuwa umeme na ndicho sensa yenyewe, iwe na resista ya megaomu 1 sambamba nayo, pamoja na zena (diodi ya kuzuia volti zisipande) ya volti 5.1. Kabla ya pini ya Arduino ongeza resista ya kiloomu 10. Pigo zito hutoa volti za kuunguza pini.

Usiibandike piezo katikati ya ngozi: itaua mlio, na fimbo itaipasua. Ikae karibu na safu ya misumari, kwa tepu yenye gamu pande mbili. Waya nao ubane kwa tepu, maana hukatikia penye solda.

Ukitaka kutofautisha don (ngozini) na ka (ukingoni), bandika piezo ya pili kwenye mzinga wa mbao, ulinganishe ipi imesoma juu zaidi. Maikrofoni achana nayo. Inasikia ngoma zote jukwaani. Piezo nayo hudanganywa na mtetemo unaopita sakafuni, ila vipande vya mpira chini ya stendi hupunguza sana.